Sifa za Jalada

Washairi wamelisifu jahazi, wameusifu upanga na wamemsifu mahabubu, lakini sijapata kumwona aliyeinua kalamu kulisifu jalada la ushahidi, lile la karatasi ngumu lenye chuma cha kubania ndani na tundu la kutia kidole mgongoni, ilhali hakuna kitu kilichopewa taadhima kulishinda pale wanavyuo wanapokutana kujadili ithibati. Wahadhiri, wakuu wa idara na wathibiti ubora hufika ukumbini na beji shingoni, wakaketi kwa vyeo vyao. Ila mazungumzo yakishapamba moto hudhihirika kwamba mgeni rasmi hasa si yule aliyefungua mkutano akaondoka kabla ya chai, bali ni jalada, kwa kuwa kila msemaji, awe ametoka Kampala au Morogoro, huishia kwenye suali moja: ushahidi uko wapi?

Zamani chuo kilitukuzwa kwa nasaba. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na aila hiyo ilipotengana mwaka 1970 kila mmoja akajitegemea na, aghalabu, akajisifu mwenyewe. Tanzania ilipounda Baraza la Ithibati mwaka 1995, vyuo vya binafsi ndivyo vilivyopekuliwa, na vya umma vikamtazama jirani kwa huruma isiyo na gharama, hata ilipokuja Tume ya Vyuo Vikuu mwaka 2005 ikavitia vyote katika mizani moja. Tangu hapo dola ni ya jalada.

Fadhila yake kubwa ni ukarimu, maana halikatai chochote kilichotobolewa matundu mawili. Mwalimu aliyefundisha mpaka sauti ikamkauka, akawafungua vijana fahamu zao, asiweke karatasi, huyo kwa sheria ya jalada hakufundisha. Na yule aliyelijua darasa kwa nadra, lakini akahifadhi mtaala, ratiba na fomu za maoni ya wanafunzi kwa mpangilio wa tarehe, huyo ndiye fahari ya idara. Wenye choyo huita jambo hili dhuluma. Mimi naliita rehema, kwani darasa zuri haliwezi kuazimwa, na jalada laazimika: wakati wa mapumziko, sambusa mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, utawasikia maprofesa wakiombana nakala ya ripoti ya kujitathmini kwa unyenyekevu ambao hawakuupata kumwonyesha hata mke wa mtu mkubwa.

Na lina stara. Nimepata kuiona orodha ya mahudhurio ya kikao kilichofanyika, kwa mujibu wa tarehe yake, miaka mitatu nyuma: wajumbe wote wametia saini kwa wino mmoja wa buluu, karatasi nyeupe pe, haina mkunjo wala tone la chai, na miongoni mwao yumo bwana mmoja ambaye majira hayo alikuwa masomoni ng'ambo. Mjumbe wa jopo, mzee wa miwani mizito, aliiinua kwenye mwanga wa dirisha akaitazama kitambo, kisha akamtazama mkuu wa idara, naye mkuu wa idara akalitazama pangaboi. Hapakusemwa neno. Mzee akairudisha karatasi mahali pake, akakibana chuma taratibu, akaandika katika fomu yake kwamba kumbukumbu za vikao zinaridhisha, kwa kuwa jopo huteuliwa kutoka vyuo vingine, na idara yake mwenyewe ilikuwa ikingoja kukaguliwa mwezi wa pili yake.