Mchwa na Juzuu ya Stobaeus

Ioannes Stobaeus aliishi karne ya 5 baada ya Kristo. Jina lake linatokana na mji wa Stobi, Makedonia, na zaidi ya hapo maisha yake karibu yote ni kiza. Kazi yake ilikuwa kudondoa maneno ya mamia ya waandishi wa Kiyunani. Mchwa na juzuu moja ya mkusanyo wa dondoo hizo walibishana rafuni kuhusu hadhi ya Stobaeus.

MCHWA: Huyu naye mwandishi? Kamega cha huyu, kamega cha yule. Mbona mimi nafanya hayo hayo, na badala ya sifa napuliziwa dawa?

JUZUU: Ukimega wewe, kinabaki vumbi. Alichomega yeye ndicho kilichobaki. Tamthilia nyingi za Euripides zimepotea, vipande vyake vimo humu. Mihadhara ya Musonius Rufus, yule mwanafalsafa Mstoiko, sehemu kubwa imepitia mkononi mwake. Na Teles, mwanafalsafa mwingine, bila yeye asingesomwa kabisa.

MCHWA: Kumbe alikusudia kuokoa urithi wa Wayunani!

JUZUU: Urithi gani? Alikuwa na mwana, Septimius, mzito wa kukumbuka anayosoma. Baba akamkusanyia. Hayo aliyaeleza Photius, Patriaki wa Konstantinopoli, karne ya 9.

MCHWA: Vitabu vinne vizima kwa mtoto msahaulifu!

JUZUU: Vinne, ambavyo baadaye viligawanywa mafungu mawili, kila fungu likazunguka kama kazi ya peke yake. Vinaanza na maumbile ya ulimwengu, vikaishia kwenye maadili, utawala na mambo ya nyumbani. Penye ndoa, zipo dondoo za kuisifu, kisha za kusema heri kutooa. Uhai umesifiwa, na kifo nacho.

MCHWA: Mwenyewe alishika lipi?

JUZUU: Hasemi. Hata jina lake ni la Kikristo, lakini hakumnukuu Mkristo hata mmoja.

MCHWA: Angefaa kuwa mshereheshaji. Harusini nukuu, msibani nukuu, la kwake halisikiki.

JUZUU: Hata hivyo Wajerumani wawili, Curt Wachsmuth na Otto Hense, walimchapisha upya kwa juzuu 5, kuanzia 1884 hadi 1912. Vitabu viwili vya mwanzo vilimtesa Wachsmuth kwa mapengo.

MCHWA: Mapengo ya wanakili?

JUZUU: Ya wanakili, na mengine waulize babu zako.