Ndege Saba wa Kuwafuata na Kamera Ukianzia Nyakarenzo

Ukisema hapa Nyakarenzo kwamba unatafuta ndege, swali la kwanza utakaloulizwa ni moja: "Hao wanaliwa?" Hapana, hawaliwi, na hapo ndipo raha inapoanza. Huu ni uwindaji ambao mwindaji na mwindwa wote wanarudi nyumbani salama.

Sekta yetu, moja kati ya 18 za wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, imekaa pazuri: ziwa Kivu halipo mbali, msitu wa Nyungwe upo mashariki, mashamba ya mpunga ya Bugarama yapo kusini. Basi hii hapa orodha, tukihesabu kurudi nyuma. Nimewapanga kwa furaha anayoipata mpigaji aliyefanya kazi yake kwa adabu.

7. Kuzumburu

Anza na huyu, hata kama una simu tu. Ana kishungi kichwani, mkia mrefu kuliko kiwiliwili, na asubuhi hupenda kuning'inia mtini tumbo likielekea jua. Hula majani mengi, na joto humsaidia kuyasaga. Kwa hiyo anatulia muda mrefu penye mwanga mzuri. Anayejifunza atake nini tena? Tafuta mpapai wenye matunda yaliyoiva, msalimie mwenye shamba, "Mwaramutse, mama," omba ruhusa, kisha kaa utulie. Mama atakwambia ndege huyo ni mwizi. Mkubalie, halafu mpige picha mwizi akiwa kazini.

*Neno lake kwako: "Papai moja, picha kumi. Nani kapata hasara?"*

6. Mwewe

Ukitaka kujifunza kupiga ndege anayeruka, huyu ndiye mwalimu. Huzunguka juu ya soko bila haraka, akigeuza mkia wake kama usukani. Wengi hubonyeza mara tu wanapomwona. Wewe mfuate kwanza na kamera, miguu imara, kiuno kikigeuka naye. Akishakaa vizuri ndani ya fremu ndipo ubonyeze mfululizo, kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Mbingu ikiwa nyeupe, ongeza mwanga kidogo kwenye kamera, la sivyo atatoka mweusi tititi.

*Neno lake: "Mimi sikosekani. Waulize wauza nyama."*

5. Mnana

Dume ndiye fundi. Husuka kiota kwa nyuzi za nyasi na majani, kisha jike huja kukagua. Jike akikikataa, dume hukibomoa na kuanza upya. Picha ya kuisubiri ni ile ya dume akining'inia chini ya kiota, mabawa yakipigapiga, akimwita mchumba. Ila simama mbali. Lenzi ya milimita 300 au 400 inatosha. Usikate hata jani moja ili "kupata mwanga", kwa sababu jani hilo ndilo linalomficha kifaranga asionekane na mwewe wa namba sita.

*Neno lake: "Nimebomoa nyumba kwa ajili ya mapenzi. Wewe unaona uchungu kufuta picha?"*

4. Chozi

Kadogo, kana gramu chache tu, na hakatulii. Mng'ao wa dume hutokana na jinsi unyoya wenyewe ulivyoumbwa kuurudisha mwanga, ndiyo maana akigeuka kidogo kijani huwa zambarau, na kivulini huonekana mweusi. Kwa hiyo jua liwe mgongoni kwako, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Usimkimbize. Chagua mgomba uliochanua, elekeza lenzi kwenye ua, ungoje. Yeye ndiye mwenye njaa. Ukifika Nyungwe utamkuta jamaa yake wa milimani, kijani kichwani, nyekundu kifuani, njano ubavuni. Huyo hupatikana katika milima ya Bonde la Ufa la Albertine tu.

*Neno lake: "Nimewachosha wenye lenzi za kilo tatu."*

3. Mdiria mweusi na mweupe

Teremka Kamembe, kando ya Kivu. Mdiria huyu husimama hewani juu ya maji, mabawa yakienda mbio lakini kichwa hakitikisiki, kisha hujitupa majini. Anakupa muda wa kulenga, jambo ambalo ndege wachache hulifanya. Dume ana mikanda miwili kifuani, jike ana mmoja. Windo lake ni samaki wadogo, wa kimo cha sambaza, wale walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Weka kasi ya 1/2000. Na tafadhali, usielekeze lenzi kwenye daraja la mpaka wala kwa askari. Mdiria huvuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, bila kuulizwa hati, wewe utaulizwa.

*Neno lake: "Lenga kwanza, rukia baadaye."*

2. Shorobo wa Nyungwe

Nyungwe ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000 na zaidi ya aina 300 za ndege; mwaka 2023 UNESCO iliuingiza msitu huo katika Urithi wa Dunia. Humo yumo shorobo mkubwa wa buluu, mkubwa kuliko wote wa ukoo wake, na shorobo wa Rwenzori, ambaye wekundu wa mabawa yake hutokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake. Wekundu huo huonekana vizuri akiruka tu. Kaa karibu na mkuyu wenye matunda, pandisha ISO maana msituni mna giza, na kubali chengachenga kidogo kwenye picha.

Usimchezee sauti yake kwenye simu ili aje. Ataacha kula aje kupigana na adui asiyekuwepo. Lipia mwongoza wageni. Claver Ntoyinkima, askari wa hifadhi na mwongozaji wa Nyungwe, alipewa tuzo ya Tusk ya walinzi wa wanyamapori mwaka 2024. Watu wa aina yake wanajua shorobo anakula wapi leo.

*Neno lake: "Ukiwa na haraka, nenda ukapige picha ya basi."*

1. Umusambi aliye huru

Umusambi, yaani korongo mwenye taji, ndiye wa kwanza, hata kama utasafiri kumfuata kwenye vinamasi vya mbali. Kwa miaka mingi aliibwa porini akafugwa kama pambo kwenye bustani za nyumba na hoteli, mabawa yakiwa yamekatwa. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianzisha shirika la uhifadhi wa wanyamapori, RWCA, kuwarudisha porini ndege hao. Wenye afya walipelekwa hifadhi ya Akagera. Wasioweza tena kuruka hutunzwa Umusambi Village, Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata 487 porini nchini kote. Ile ya 2023 ilipita 1,000. Ongezeko hilo ni kazi ya watu, na picha nzuri ya umusambi akiruka inawakumbusha wengine kwa nini kazi hiyo iendelee.

*Neno lake: "Nipige picha nikiruka. Ukinikuta nimefungwa, mpigie simu daktari."*

Basi, ndugu msomaji, anza kesho asubuhi na kuzumburu wa jirani. Kila picha iandikie tarehe na mahali, kwa maana bila hayo haimsaidii mtafiti. Na ukiona umusambi uani kwa mtu, usimpige picha ya kujionyesha: toa taarifa.