Kalenda Tatu za Mimba Moja

Mimba ya mdogo wangu ilihesabiwa kwa kalenda tatu katika boma letu la Chebunyo, na kalenda hizo hazikupatana hata siku moja. Kogo, nyanya yetu mzaa baba, alihesabu kwa mwezi wa angani, akashikilia kwamba mwezi wa saba bado haujatimia. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi Uingereza, alihesabu kwa wiki, tena wiki za hospitalini zinazoanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo yeye alitua akiwa na wiki 30. Baba alihesabu kwa tiketi. Kwake mimba ilikuwa na tarehe mbili tu, ya kufika na ya kuondoka, na katikati yake aliweka mbuzi, hema, viti vya kukodi na kwaya ya kanisa.

Nataka ieleweke mapema kwamba msichana huyu hakuja kwa pupa. Majirani walisema mengi baadaye, na mengine niliyasikia kwa masikio yangu kwenye foleni ya kupeleka maziwa. Aliondoka kwetu baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa wauguzi mwaka 2021, na tangu hapo hakuwa amerudi. Sheria ya huko humruhusu mjamzito kuanza likizo ya uzazi wiki 11 kabla ya wiki anayotarajiwa kujifungua, ndiyo kusema kuanzia wiki ya 29. Mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari au mkunga kuanzia wiki ya 28, na mimba ya mtoto mmoja ikishapita wiki ya 36 hayampandishi mtu. Ya mapacha, mwisho kwa kawaida ni wiki ya 32. Yeye alipanga kuja wiki ya 30 na kurudi wiki ya 33, ajifungue kule aliko mumewe. Barua alikuwa nayo. Rekodi zake za kliniki alizichapisha zote. Presha yake ilikuwa sawa. Mwanamke anayebeba mimba ya kwanza mbali na mama yake ana haki ya kutamani kukaa jikoni kwao kabla mtoto hajafika. Huo ndio msimamo wangu na sijauacha.

Mama naye alijiandaa. Maziwa ya mursik aliyachemsha mara mbili kabla ya kuyatia kwenye kibuyu, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amemweleza kwa simu habari za bruselosi, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba na unaompata mtu kupitia maziwa mabichi. Kogo aliona kuchemsha huko ni kuyaharibu maziwa, lakini alinyamaza. Kibuyu kilikuwa cha Mama.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Kutoka London hadi Nairobi ndege huchukua karibu saa 9. Mdogo wangu alipewa kiti cha dirishani, na ili asiwasumbue watu wawili kila anapotaka kwenda msalani, akajinyima maji. Alipotua alimkuta Baba na binamu yetu wakimngoja na Probox, akaingizwa kiti cha nyuma katikati ya masanduku, wakaanza safari: Mai Mahiu, Narok, Mulot, Bomet, kisha barabara ya vumbi inayotelemka kuja kwetu. Sisi hatuko kwenye majani chai, tuko upande wa chini wenye joto, wa ng'ombe na mahindi, unaopakana na Narok. Walisimama mara moja tu kutia mafuta, na yeye alikuwa amelala magoti yamekunjwa. Alipofika tulipiga vigelegele, Kogo akamtemea mate ya baraka, naye mdogo wangu akanywa mursik mpaka Mama akacheka.

Kogo ndiye aliyegundua. Enzi zake alizalisha wanawake wengi wa upande huu, na mikono yake bado ina akili ambayo sisi wenye vyeti hatukusomea. Jioni ya pili alimkalisha mjukuu wake kwenye ngozi, akachota samli, akasema atamkanda miguu itoe uchovu wa ndege. Mguu wa kulia akaupapasa, akauacha. Wa kushoto akaugusa, akaondoa mkono.

"Huu una moto," alisema.

"Ni safari tu, Kogo," mdogo wangu akajibu. "Wajawazito wote huvimba miguu."

"Huvimba yote miwili."

Mama alisema basi ukandwe vizuri zaidi huo wenye moto. Kogo akachota samli tena. Hapo ndipo niliposema hapana, tena kwa sauti ambayo kwetu mjukuu hamtolei nyanya yake. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Habari za damu kuganda kwenye mshipa nimezifundisha, na najua donge la damu likikandwa linaweza kung'oka na kupanda hadi mapafuni. Kogo alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaifunika samli.

Mama hushona sare za shule, na tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Niliichukua nikapima shavu la kila mguu, mahali pamoja, chini ya goti. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi ni jambo la kupeleka hospitali. Ya mdogo wangu ilizidi hapo. Alitazama ile tepu, na muuguzi aliyekuwa amelala ndani yake akaamka. Alianza kujitajia mwenyewe dalili kama anayesoma orodha ya wadi. Mguu wa kushoto, ambao ndio hupatwa zaidi kwa wajawazito kwa kuwa mshipa wa upande huo hubanwa. Joto. Maumivu akikanyaga. Akaniuliza, "Dada, nikianza kuhema utajua la kufanya?" Nikamwambia hatutafika huko.

Mvua ilianza wakati tunatafuta gari. Probox ya binamu ilikwama kabla hata ya kutoka langoni, magurudumu yakachimba, na wanaume wa boma zima wakaishia kwenye matope hadi magotini. Boda boda hatukutaka hata kuisikia. Alfajiri ndipo pikapu ya kukusanya maziwa ilipopita, ikiwa na minyororo kwenye magurudumu, na dereva aliposikia habari alishusha mitungi iliyokuwa kiti cha mbele akaifunga nyuma na mingine. Mdogo wangu aliketi pale mbele, mguu juu ya mto wa kitanda cha Mama. Mimi nilisimama nyuma kati ya mitungi. Wenye maziwa walikuwa wanangoja njiani, na dereva aliwapita mmoja baada ya mwingine akipunga mkono, wala hakuna aliyemdai baadaye.

Hospitalini Bomet walimpiga skani ya mishipa, wakaliona donge juu ya goti. Daktari alitueleza bila haraka. Mwili wa mjamzito huifanya damu iwe rahisi kuganda, ili mama asimwage nyingi siku ya kujifungua. Mfuko wa uzazi nao hubana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Ukiongeza kukaa bila kusogea, hatari inapanda tena. Sisi wote tulikuwa tunailaumu ndege. Daktari alisema gari nalo limo, na ndivyo ilivyo: Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007 yakionyesha kwamba safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, treni, basi au gari dogo, hukaribia kuongeza hatari hiyo maradufu, hata kwa asiye na mimba. Mdogo wangu alikuwa ameunganisha mbili. Soksi za kubana zilikuwa ndani ya sanduku, hazijafunguliwa.

Dawa ilikuwa sindano za kuzuia damu isigande, zinazochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku mpaka ajifungue, na wiki zisizopungua 6 baada ya hapo. Yeye angeweza kujichoma mwenyewe. Kupanda ndege, hapana.

Sherehe ya Baba ilikuwa siku hiyohiyo, Jumamosi. Hema lilikuwa limekwisha simamishwa, na katika kukimbizana hakuna aliyekumbuka kuwaambia wageni wasije. Baba alirudi kutoka hospitalini na pikapu ileile ya maziwa, akiwa na viatu vya matope, akakuta kwaya imejipanga na mbuzi tayari ameiva. Hakutafuta maneno. Aliwaambia mtoto wake amelazwa, mtoto wa mtoto wake yuko salama, na chakula kiliwe. Walikula. Halafu mzee wa kanisa akavua kofia yake, akatia noti ya kwanza, akaipitisha kwenye viti. Sindano zile si za bei ya chini, na ile kofia ilinunua nyingi. Jioni akina mama walituletea hospitalini supu ndani ya flaski, wakaimba wodini mpaka muuguzi wa zamu alipowaomba wapunguze sauti, naye akaimba kidogo.

Kilichofuata kilikuwa vita vya kalenda. Shemeji alipiga simu kila usiku kutoka Uingereza akiwa na ukurasa wa shirika la ndege mbele yake. Wiki ya 33 ilipita. Je, ya 34? Ya 35? Kila tarehe ilitaka barua mpya ya daktari, na kwa mwenye donge la damu barua pekee haitoshi, lazima madaktari wa ndege wenyewe waridhie. Baba alibadilisha tiketi, akalipa faini ya kubadilisha. Kogo alitoka nje usiku, akatazama juu, akarudi akasema mtoto huyu hatavuka maji akiwa tumboni. Mdogo wangu ndiye aliyekata shauri. Alimwambia mumewe kwenye simu, sisi sote tukisikia, kwamba atazalia Bomet, na asiulizwe tena. Shemeji alikaa kimya, kisha akauliza anahitaji kutumiwa nini.

Kulikuwa na mengi ya kupanga, na hapo wanaoishi nje watege sikio. Bima yake ya safari ilikuwa na mipaka yake kuhusu mimba iliyokomaa, na kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, hakuwa amejiandikisha, kwa kuwa alikuwa nje ilipoanza Oktoba 2024. Asiyeajiriwa hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Baba aliuza mtamba. SHA hulipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na hiyo ilitupa usingizi. Siku ya kuanzisha uchungu ilipangwa mapema, ili sindano isimamishwe saa 24 kabla na mzazi asije akavuja damu. Kogo hakupenda uchungu upangwe kwa saa ya ukutani. Hata hivyo alikuja, akaketi kwenye benchi la nje na fimbo yake, akakataa chai.

Msichana alizaliwa jioni, kwa njia ya kawaida, akalia mara moja. Mdogo wangu alimnyonyesha palepale. Sindano zile hazimdhuru mtoto anayenyonya.

Jina likawa kesi nyingine. Kogo alisema amezaliwa jioni, ni Chelangat. Mama akasema ni mtoto wa hospitali, Chepchumba. Baba, ambaye alikuwa bado na risiti za tiketi mfukoni, akasema mama yake alikuwa safarini, huyo ni Cheruto na hakuna mjadala. Jina la wahenga halikuleta shida, kwa sababu hilo mtoto mwenyewe ndiye anayechagua: Kogo aliwaita waliotangulia mmoja mmoja, na mtoto akapiga chafya alipofika kwa mama yake Kogo. Lakini cheti cha kuzaliwa kilihitaji jina la kuandikwa, shemeji akaombwa aamue kwa simu, akachagua Cheruto. Baba alinunulia watu soda.

Karatasi zilimla mdogo wangu kuliko mimba. Kwa Katiba ya 2010 mtoto wa Mkenya ni raia kwa kuzaliwa popote anapozaliwa, hilo halikuwa na shaka. Shida ilikuwa kumvusha. Angezaliwa kule, angekuwa tayari kule na wazazi wake. Kwa kuwa alizaliwa hapa ilibidi cheti, kisha pasipoti ya mtoto yenye idhini ya wazazi wote wawili, kisha viza ya mtegemezi, na kila kimoja kikingoja kingine. Wakati huo wote shemeji alimjua bintiye kwa kioo cha simu. Likizo yake ya wiki 2 aliiweka, maana sheria ya Uingereza sasa humruhusu baba kuichukua wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto. Alipokuja kuwachukua, alishuka kwenye Probox, Kogo akamnyooshea mtoto kabla ya salamu, na mwanamume yule alilia mbele ya wakwe zake wote.

Sindano zilikuwa zimekwisha, daktari ameruhusu safari. Tuliwasindikiza kwa magari mawili. Baba alikuwa ameweka saa yake ipige kengele, na kila ilipolia aliamuru magari yasimame na watu wote wateremke wazunguke, hata sisi ambao hatukuwa tumezaa wala kupanda ndege. Narok tulizunguka pampu za petroli huku wahudumu wakishangaa. Mdogo wangu alikuwa amevaa soksi zake za kubana, chupa ya maji mkononi. Kule Mai Mahiu Kogo aliteremka kabla kengele haijalia, akashika njia kuelekea waliko wauza mahindi ya kuchoma, na ilibidi tumfuate.