Wajuzi wa Kujulia Hali

Haifai kuwalaumu makarani wa Hifadhi ya Jamii ya Marekani kwa ukosefu wa adabu, maana mlemavu wa New Hope, jimboni Minnesota, ambaye huenda hata jirani zake hawamjui kwa jina, wao humjulia hali kwa waraka rasmi kila baada ya miaka 3 hivi, au 5 hadi 7 ikiwa nafuu haitarajiwi, wakitaka kujua, kwa matumaini ambayo tabibu wake alikwisha kuyaacha zamani, kama mguu uliokatwa umeota. Akihukumiwa kuwa amepona, anazo siku 60 za kukata rufaa. Lakini akitaka posho yake ya ulemavu isikatike wakati rufaa ikisikilizwa, sharti aombe ndani ya siku 10 tangu kupokea barua ya hukumu hiyo, na hapo, alhamdulillahi, mwenye mguu mmoja hana budi kukimbia.