Mvivu Mwenye Bidii

Ukimwona mtu wa kompyuta amekaa mbele ya ile skrini nyeusi, kakunja uso, usidhani anatatua jambo zito. Mara nyingi kachoka tu kuandika "sudo apt update && sudo apt upgrade". Ndiyo amri ya kusasisha programu kwenye Debian, Ubuntu na ndugu zao, nayo huandikwa leo, kesho na keshokutwa, kwa vidole vilevile.

Uvivu huu una ukoo. Waliounda Unix pale Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walifanya kazi kwenye Teletype, mashine za kuchapa zilizokwenda polepole kwa kelele tele. Ndiyo maana amri zao ni kama simu ya maandishi ya zamani, ile ya kulipia kila neno: "ls", "cp", "mv", "rm". Mmoja wao, Ken Thompson, alipoulizwa angebadili nini lau angeianza Unix upya, alijibu kwamba "creat", ile ya kuundia faili, angeimalizia kwa herufi e. Mzee kabana herufi moja, na bado inamkaa rohoni.

Sisi tulioletewa amri ndefu tunajitibu kwa aliasi. Unafungua faili la ".bashrc", unaandika mstari mmoja, alias sasisha='sudo apt update && sudo apt upgrade -y', na ukifungua terminali upya, neno "sasisha" pekee linatosha. Utamu wake haushibishi. Baada ya "sasisha" utataka "weka", "toa", "tafuta", na "fagia" ya kuondolea mabaki. Muda si muda "sasisha" nayo unaiona ndefu. Unaikata inakuwa "sas", unaikata tena, mwisho inabaki "s".

Hapo ndipo bando langu lilipofia. Ile -y huijibu apt "ndiyo" kabla haijauliza, na sudo, inayotoa ruhusa ya msimamizi, haiulizi tena neno la siri kwa dakika kadhaa baada ya kupewa. Ongezea kidole kilichopita juu ya s na Enter wakati macho yako kwenye kikombe cha chai, na kompyuta inayonyonya intaneti ya simu. LibreOffice nzima ilishuka kwa amani kabisa. Nilipata habari kwa ujumbe mfupi: ndugu mteja, umemaliza kifurushi chako.

Sudo nayo ina vituko vyake. Ukiandika "sudo weka", inalalamika kwamba haijui amri kama hiyo, kwa sababu bash, programu inayosoma amri unazoandika, hutafuta aliasi kwenye neno la kwanza tu. Dawa ni kuipa sudo yenyewe aliasi, alias sudo='sudo ', yenye nafasi tupu kabla ya alama ya kufungia. Nafasi hiyo ndiyo inayoiambia bash ikague na neno linalofuata. Hebu jaribu kumweleza mtu kwenye simu kwamba alichosahau kuandika ni kitu kisichoonekana.

Jamaa mmoja ninayefanya naye kazi alipiga hatua zaidi. Aliandika skripti ya kusasisha seva kila usiku saa nane, ndani yake kajaza aliasi zake alizozipenda, akaikabidhi kwa cron, mwendesha kazi kwa ratiba, akalala usingizi wa tajiri. Asichojua ni kwamba skripti haisomi ".bashrc", na bash huziacha aliasi nje pasipokuwa na mtu kwenye kibodi. Faili la kumbukumbu lilikuwa na mstari uleule kila usiku: amri haipatikani. Siku hizi anaandika amri kamili ndani ya skripti, neno kwa neno, huku akisonya.

Lakini aibu yenyewe husubiri kwenye kompyuta ya watu. Kuna mama mwenye steshenari ambaye nilimwekea Ubuntu, maana flashi za wanafunzi zilikuwa zinamletea virusi vya Windows kila asubuhi. Nilikwenda kumsasishia, nikaketi kwa madaha, nikaandika "s". Kimya, kisha kosa. Nikaandika "sas". Kosa. Foleni ya wanaosubiri kutoa kopi ikaanza kunyoosha shingo.

"Mwanangu," akasema, "umeisahau wewe au imekusahau yenyewe?"

"Hapana mama, hii yako haina njia zangu za mkato."

"Basi pita ile ndefu, watu wanasubiri."

Nilipita ile ndefu, na nikaikosea: niliandika "upgarde". Baada ya kazi akaniuliza kama hizo njia za mkato yeye haruhusiwi kuwa nazo. Nikamtengenezea moja aliyoichagua mwenyewe, "madeni", ya kufungulia orodha ya wanaochapisha kwa mkopo. Hataki ya pili, na hii hajaikata hata herufi. Juzi nilipita pale nikaiandika ili nihakikishe bado inafanya kazi. Inafanya kazi vizuri sana; jina langu liko juu kabisa.