Makaroni ya Sufuria Moja

Aliyebuni makaroni ya nyama na jibini ya sufuria moja hakuwahi kuipikia familia Njombe mwezi wa Julai. Maelekezo yake ni mepesi mno: kaanga nyama ya kusaga na vitunguu, tia nyanya, maji na makaroni, funika, malizia na jibini. Dakika 20, watu wanakula. Ukitoka kazini jioni umechoka, maneno hayo yanakuingia vizuri kuliko mahubiri.

Kazi yangu iko Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Tunduma na malori ya Zambia yanapumzika. Buchani niliomba nusu kilo ya steki, isagwe. Mwenye bucha akaitazama mashine yake, akanitazama mimi, akachukua shoka.

"Hii nayo ni kusaga, kaka. Ila ya mkono."

Nikapanda Kosta na nyama yangu, kilomita 60 hivi, mfupa wa ile steki ukinichoma pajani njia nzima.

Jibini lenyewe halina shida ya kupatikana. Njombe ni nchi ya maziwa, na kiwanda kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la CEFA kimetengeneza jibini lililouzwa hadi Dar es Salaam. Ajabu ni kwamba huko Dar wanalifahamu kuliko mtaani kwetu. Shangazi, aliyekuja kutusalimia kutoka Wanging'ombe, alikikuta kipande changu mezani, akakinusa, akakitoa nje hadi kwenye karo na kukiweka pamoja na sabuni ya mche. Nilipotokea, binti yangu alikuwa ameshaanza kukisugulia soksi, akilalamika kwamba sabuni hii haitoi povu. Nilikata upande wa soksi nikautupa. Upande wa pili ulikuwa mzima kabisa, na sikuona haja ya kutangaza.

Kisha mwinuko. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayangoji 100. Yanatokota kwa mbwembwe zote, lakini moto wenyewe haumo. Pakiti iliahidi dakika 8. Nusu saa ikapita, makaroni yamelainika nje, kiini kinakatika kwa sauti, na nyama ya shoka haijapata hata habari kwamba inapikwa. Nikaihamishia kwenye sufuria ya pili. Maji ya kuongeza yakahitaji ya tatu, maana maji ya bomba ya Julai yakigusa mchuzi, kazi inaanza upya. Sufuria ya nne aliiinjika shangazi mwenyewe, bila kuuliza mtu, akatafuta unga.

"Watoto watalala njaa, baba."

Tulikula saa nne kasoro. Watoto walikuwa wakivuta nyuzi za jibini kushindana nani ana ndefu. Shangazi alimega tonge, akalibonyeza, akachotea makaroni. Uzi ukamfuata hadi kidevuni. Akaukata kwa kidole, akatafuna taratibu huku sote tukimwangalia.

"Mboga nzuri hii," alisema. "Kesho ipike tena, ila hayo mabomba yapunguze. Yanajaza tumbo kabla mtu hajashika ugali."