Kikao cha Kwenye Droo

Droo ya fundi simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nje, spika ya muuza chupi inaita wateja tangu asubuhi. Ndani wamelala Kitochi, Laptopu ya mtumba na betri mbili zilizovimba, zisizochangia lolote. Droo inafunguliwa, Simujanja anatupwa ndani.

SIMUJANJA: Shikamoo babu.

KITOCHI: Marahaba. Kioo?

SIMUJANJA: Kioo kizima. Nimeletwa kung'olewa macho na masikio. Bosi anataka kamera zote zitoke, na maiki.

KITOCHI: Kwani umemwona akifanya nini?

SIMUJANJA: Anakoroma, babu. Na kitambi anacho. Sijui nani angenunua habari hiyo.

LAPTOPU: Msimcheke. Mwaka 2016 Mark Zuckerberg wa Facebook alipiga picha, watu wakaona laptopu iliyo nyuma yake imebandikwa utepe kwenye kamera na kwenye maiki.

KITOCHI: Ukiona mama ntilie hali ubwabwa wake, na wewe weka sahani chini.

LAPTOPU: Ila utepe unaziba jicho tu. Sauti inapenya. Mimi fundi alinifungua akachomoa waya.

SIMUJANJA: Mwenzako sina waya. Maiki moja iko chini karibu na tundu la chaji, nyingine juu, ya kupunguza kelele. Zimelehemewa kwenye bodi, kuzing'oa mpaka blowa. Mwaka huohuo wa 2016 Edward Snowden, yule aliyevujisha siri za ujasusi wa Marekani, alionyesha kazi hiyo kwenye televisheni. Ukitaka kuongea, unachomeka hedifoni zenye maiki.

KITOCHI: Hakuna njia ya bure?

SIMUJANJA: Ipo! Android, tangu toleo la 12, ina swichi ya kamera na swichi ya maiki. Kamera au maiki ikitumika, kinukta cha kijani kinawaka pale juu. Bosi alikiona, akadhani chaji imejaa.

KITOCHI: Geuka. Mgongoni umebandikwa nini?

SIMUJANJA: Utepe wa fundi. Jina la bosi, namba yake, na neno la siri la kunifungulia.

(Laptopu anacheka mpaka feni inalia.)

KITOCHI: Wangu alikwenda kusajili laini chini ya mwamvuli. Wakala akamwambia weka kidole, haijasoma, weka tena, bado haijasoma. Siku alipopiga *106# akakuta laini nne kwa jina lake. Mfukoni ana moja.

SIMUJANJA: Afadhali huyo. Wangu aliomba mkopo wa elfu hamsini saa nane za usiku. Programu ikataka kusoma majina yote niliyohifadhi, akabonyeza. Alipochelewa kulipa, ujumbe ukamfikia mama mkwe, ukamfikia na mwenyekiti wa kikoba. Hapo kamera wala maiki hazikuhusika.

LAPTOPU: Lakini Benki Kuu ilizipiga marufuku 69 za namna hiyo, Novemba 2024, kwa kukosa leseni. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina tume yake kabisa. Mtu lazima atoe ridhaa.

SIMUJANJA: Si ndiyo nakwambia, alibonyeza.

(Kimya. Hata Laptopu, ambaye kwa kawaida ana la kuongeza, hakuongeza. Droo inafunguliwa, blowa inavuma.)

Jioni bosi kaja na shati lake jeupe. Akapiga simu. "Haloo? Haloo? Mbona hanisikii?"

"Bosi, si ndicho ulichotaka? Chukua hedifoni, elfu tatu tu."

Bosi akaona anaibiwa. Akaazima simu ya fundi, akasogea mlangoni, akapaza sauti kuishinda kelele ya mtaa: "Mama watoto, nipo Posta, kwenye kikao!"

Ng'ambo ya barabara spika ikadakia: "Karibu Aggrey! Bosi wa shati jeupe, chupi tatu elfu tano, mchukulie na huyo dada uliyekuja naye!"